Je, Kujihudumia ni Dhambi?

Jumatatu, 6 Mei

Nimependekezwa! Mimi! Mzee wa kanisa! Jana baada ya ibada mchungaji alitangaza kwamba kiti kilichobaki wazi kwenye baraza la wazee kitajazwa Jumapili ijayo, na majina yaliyofika mezani kwake ni mawili. La kwanza langu. La pili la Fundi Saa. Fundi Saa! Mtu ambaye saa yake mwenyewe huchelewa dakika kumi. Nilirudi nyumbani kifua mbele, nikawasalimia hata majirani nisiowapenda.

Furaha imedumu mpaka chai ya asubuhi hii. Nimekumbuka swali. Kabla ya kura kila mgombea husimama mbele ya washirika wote, na mchungaji humuuliza kama ipo dhambi ya siri anayoishi nayo. Mgombea hujibu kwa sauti. Wote hujibu hakuna. Tangu nijiunge na kanisa hili sijasikia mtu akijibu vingine.

Mimi nina lile jambo.

Sitaliandika. Shajara ni yangu, ina kufuli, ufunguo ninao mimi, lakini hata hivyo sitaliandika. Mimi ni msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, huu mwaka wa kumi na tisa. Nimesoma kila neno linaloweza kuchapwa, na hilo sijawahi kulitoa mdomoni. Tuseme hivi: mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita, nina umri wa miaka arobaini na minane, bado nalala upande wangu wa kitanda kana kwamba ule mwingine una mtu, na kuna siku mwanamume hujikuta yuko peke yake na mwili wake. Basi. Mwenye akili ameelewa.

Je, ni dhambi? Hapo ndipo nilipokwama. Kama ni dhambi, nikisema hakuna nitakuwa mwongo mbele ya madhabahu. Kama si dhambi, nitasema hakuna na nitakuwa msema kweli. Kwa hiyo kazi ni moja. Nina siku sita za kumpata mtu wa Mungu, wa dini yoyote, aniambie si dhambi. Mmoja tu ananitosha. Na sitauliza kwa ajili yangu, la hasha. Rafiki yangu ndiye mwenye tatizo.

Jumanne, 7 Mei

Nimeanza na shemeji, mume wa dada yangu. Ni ustadhi, hufundisha watu wazima dini alasiri. Ana moyo mpana sana. Dada alipoolewa naye na kufuata dini yake nilinuna mwaka mzima, naye akaendelea kunitembelea kana kwamba sijanuna. Leo nimemkuta darasani peke yake akifuta ubao. Nikamwambia nina rafiki. Rafiki yangu ni mgane. (Si mjane! Aliyefiwa na mume ni mjane, aliyefiwa na mke ni mgane. Nimechoka kuwasahihisha watu.) Nikamwambia rafiki huyu, akiwa peke yake, wakati mwingine huwa... Nikammalizia kwa nyusi.

Shemeji akauliza kama rafiki yangu anaumwa macho.

Nikazunguka na kuzunguka mpaka akaelewa. Hakucheka. Akavuta kiti, akaniambia kwamba wanazuoni walio wengi wanasema ni haramu, kwa kuwa waumini wameamriwa kuzilinda tupu zao isipokuwa kwa wenzi wao wa ndoa. Wachache wamesema ni makuruhu, yaani jambo la kuchukiza lisilofika haramu. Na wapo wanaosema kwamba mtu asiyeweza kuoa, akiogopa kweli kutumbukia kwenye zinaa, huchukua dogo ili aepuke kubwa, tena kwa kulazimika, si kwa kustarehe.

Nikachomoa kalamu upesi. Hao wachache ni akina nani na wako wangapi? Shemeji akasema rafiki yangu asitafute hukumu ya dini kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Afunge, afikirie kuoa, na asikate tamaa, maana huruma ya Mungu ni pana kuliko hofu yake. Nikamuuliza kama Mkristo anaweza kuwaazima wale wachache kwa wiki moja tu. Hapo alicheka hadi akaushika ubao asianguke.

Wakati wa kuagana akanishika mkono kwa muda mrefu, akasema akifika nyumbani atamsalimia dada wa huyo rafiki yangu. Sikumwelewa. Dada wa rafiki yangu anamjulia wapi?

Jumatano, 8 Mei

Leo nimetumia akili. Jumatano saa saba mchana tuna ibada fupi, na mchungaji hujibu maswali kutoka kwenye sanduku lililo mlangoni. Huandiki jina. Unatumbukiza karatasi, unakaa kitini, unajibiwa pamoja na wengine, hakuna anayejua. Kwa nini sikuliwaza hili Jumatatu?

Tatizo lilikuwa neno. Asubuhi yote kazini nilitafuta neno lenye adabu. Kujichua? Hapana, mtu akilisikia anafikiria dawa ya mgongo. Kujisaidia? Watadhani choo. Saa tano na robo likanijia: kujihudumia! Safi. Lina heshima zake. Unaweza kuliandika hata kwenye kadi ya mwaliko. Nikaandika kwa herufi kubwa ili mwandiko usijulikane: MCHUNGAJI, RAFIKI YANGU NI MGANE. KWA KUWA HANA MKE, HULAZIMIKA KUJIHUDUMIA MWENYEWE NYUMBANI. WAKATI MWINGINE MARA MBILI KWA WIKI. JE, NI DHAMBI?

Karatasi yangu ilikuwa ya tatu kusomwa. Mchungaji akasoma, akavua miwani, uso ukamng'aa. Akasema: dhambi? Dhambi iko wapi? Akasema dhambi ni kwa wanaume wasiojihudumia! Yeye mwenyewe hujihudumia tangu ujana wake, mama mchungaji ni shahidi. Akasema mara mbili kwa wiki ni chache mno, mwanamume aliyekomaa hujihudumia kila siku. Na wageni wakiwepo asione haya, ajihudumie mbele yao, wajue nyumba hiyo ina mwanamume. Akina mama wakapiga makofi. Mmoja akapaza sauti: Amina, waambie!

Kwa dakika nzima nilidhani dunia imebadilika na mimi sikupewa taarifa. Nilimtazama mama mchungaji. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa fahari. Ndipo mchungaji akafika kwenye sufuria na sahani, na kukunja nguo zilizokauka, na mwili wangu wote ukapoa.

Nimerudi kazini nikijiuliza. Kisheria nimeuliza, na kisheria nimejibiwa. Swali lilisomwa, jibu likatoka, mashahidi ni watu sabini. Msahihishaji yeyote angesema maandishi hayana kosa. Lakini nilipoisoma aya ileile mara nne bila kuielewa, nikajua jibu lile si langu. Mtu hawezi kusamehewa vyombo wakati aliomba kitu kingine.

Alhamisi, 9 Mei

Balaa! Saa nne asubuhi Mama Mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa kanisa ameingia kiwandani na wenzake wawili. Mashine zinanguruma, sote tunaongea kwa kupaza sauti. Akaja moja kwa moja mezani kwangu, akanishika mikono yote miwili, akaniambia pole baba, kumbe ni wewe.

Nikasema mimi nani? Akasema Fundi Saa amewaeleza kila kitu. Jana baada ya ibada Fundi Saa alitamba mbele ya watu kwamba katika kanisa zima anayesema mgane ni mtu mmoja, wengine wote husema mjane. Tena karatasi yenyewe aliichungulia mezani, na mtu huyohuyo ndiye pekee anayetia nukta na mkato kwenye karatasi ya sanduku. Alitaka kunichafua, yule. Alitaka watu waseme: huyu ndiye wa kuwa mzee wa kanisa, mtu anayeuliza kama kuosha sahani ni dhambi? Nukta na mkato! Miaka kumi na tisa nimezitetea alama hizo katika kiwanda hiki, na leo ndizo zilizonichongea.

Ila hesabu zake zimemwendea kombo. Akina mama wameingiwa na huruma. Mwenyekiti akatangaza, kwa sauti ya kushinda mashine, kwamba sitajihudumia tena. Wao wapo. Wamepanga zamu. Kuanzia wiki ijayo watakuja wawili wawili.

Nikasema asanteni, hapana, nimezoea, napenda mwenyewe. Mwenyekiti akasema ndivyo wasemavyo wanaume wote wapweke. Akanigusa bega, akasema tena kwa upole kwamba kujihudumia kila siku humzeesha mtu. Yule mama mwingine akasema marehemu kaka yake naye alijihudumia hadi mgongo ukamwisha. Nimewashukuru. Ningefanya nini?

Walipoondoka nilijifungia stoo ya karatasi. Nilikwenda kucheka, nikajikuta nalia. Si sana, kidogo tu. Miaka mitatu hakuna mtu aliyenishika mikono yote miwili.

Ijumaa, 10 Mei

Zimebaki siku mbili na bado sina hata mtu mmoja. Ila leo kaja padri mzee, yule anayechapisha jarida la parokia yake kwetu. Kila mwezi huketi mbele yangu na kikombe cha chai huku nikimsahihishia. Mwezi huu alikuwa ameandika tibuni badala ya tubuni, ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa. Nimemwokoa. Nikaona hapo hapo ndipo pa kumwomba naye aniokoe.

Nikaanza habari za rafiki yangu. Sijafika mbali, padri akalitaja neno lenyewe. Wazi! Mchana kweupe! Huku anakoroga chai! Mimi nikaangusha kalamu. Akaniuliza kama ndilo hilo. Nikasema ndilo, kwa mujibu wa rafiki yangu.

Akasema kanisa lake linafundisha kwamba ni kosa zito, kwa sababu linachukua kitu kilichoumbwa ili mtu ajitoe kwa mwenzake na kukirudisha kwake mwenyewe. Hakulipaka sukari. Lakini akasema kanisa lilelile linamwagiza padri amtazame mtu kabla ya kumhukumu: mwenye mazoea, mfiwa, mwenye hofu, mpweke. Lawama ya mtu hupungua, wakati mwingine hupungua sana. Akasema ameungamisha wanaume miaka arobaini, na wengi huja wamelibeba hili moja mabegani, huku wameacha nje ya mlango ukatili wanaowafanyia wake zao, hawakumbuki hata kuutaja.

Nikasema kwa hiyo si dhambi? Akasema hakusema hivyo. Nikasema kwa hiyo ni dhambi? Akaniuliza, badala ya kunijibu, kama rafiki yangu amewahi kueleza anavyojisikia baadaye.

Nikajibu haraka mno. Nikasema anajisikia kama mtu aliyepiga simu, ikaita, ikaita, hakuna aliyepokea.

Padri aliacha kukoroga. Akasema basi hapo ndipo rafiki yangu aanzie kuongea na Mungu, kabla ya kufika kwenye orodha ya makosa. Akainywa chai yote, akachukua jarida lake. Nimeshindwa kufanya kazi mpaka saa tisa. Nilikuwa natafuta ndiyo au hapana, nikapewa swali, tena swali lenye jibu ninalolijua.

Jumamosi, 11 Mei

Nimekwenda kwa mchungaji. Mwenyewe. Bila rafiki.

Ofisi yake ni chumba kidogo nyuma ya kanisa, viti viwili, kabati la vitabu lisilofungika vizuri. Nikaketi. Nikamwambia lile swali la Jumatano lilikuwa langu. Akasema anajua, kanisa zima linajua, na mama mchungaji ananisifu. Nikasema hapana mchungaji, hamjui. Nikasema sikuwa nauliza habari za vyombo. Nikajikaza. Nikalitoa: punyeto. Nimelisema! Na sasa nimeliandika. Herufi saba. Mbingu haikudondoka.

Nikamwona mchungaji anaanza kuyakumbuka maneno yake moja baada ya jingine. Akaniuliza polepole kama kweli alisema kila siku. Nikasema alisema. Akauliza kama alisema na mbele ya wageni. Nikasema alisema, na kwamba mama mchungaji ni shahidi. Akafunika uso kwa mikono miwili. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na mimi nikacheka, na tukacheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Kisha akanijibu kama mtu mzima anayeongea na mtu mzima. Akasema Maandiko hayalitaji jambo hili kwa jina. Yule mtu ambaye watu humtolea mfano, aliyemwaga mbegu zake chini, mchungaji akiisoma habari ile anaona aliadhibiwa kwa kumnyima marehemu kaka yake uzao. Lakini tamaa imetajwa, na kumtazama mtu kama kitu kumetajwa, na yeye hawezi kuniambia mwili unaweza kwenda huku na moyo ukabaki kule. Walimu wake chuoni walibishana juu ya hili mpaka wakaacha kusalimiana. Yeye anaamini ni udhaifu wa kuombea na si kosa la kumfukuzisha mtu mbele za Mungu. Akasema anaweza kuwa amekosea. Sijawahi kumsikia mchungaji akisema anaweza kuwa amekosea.

Halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia. Akasema kinachomsumbua ni kwamba tangu mazishi sijamwambia neno hata moja kuhusu mke wangu. Nikamwambia. Nilimwambia alivyokuwa akiimba akipiga pasi, nyimbo za kuombolezea, kwa furaha kabisa. Nilimwambia mengine ambayo sitayaandika, si kwa aibu.

Mwishoni akanielekeza kuhusu kesho. Nikiulizwa, nisiseme hakuna. Niseme: nina udhaifu, na mchungaji wangu anaujua. Yeye atasema amina, na mambo yataendelea. Rahisi. Maneno sita. Nimeyarudia njia nzima. Nimeshiba amani. Mimi ni mtu mpya.

Jumapili, 12 Mei

Ilikuwa hivi.

Fundi Saa aliitwa kwanza. Suti ya kijivu, kiatu kinang'aa. Akaulizwa kama ipo dhambi ya siri anayoishi nayo. Akasema hakuna! Kwa sauti ya radi. Kanisa zima likapiga makofi. Mtu akapuliza hata filimbi.

Nikaitwa mimi. Nilisimama na maneno yangu sita tayari mdomoni. Mchungaji akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa, akinitazama kama anayemshika mtu mkono wakati wa kuvuka barabara. Nikafungua kinywa. Nikamwona Fundi Saa kwenye kiti cha mbele, mikono kifuani, anatabasamu. Anasubiri. Yule mtu anasubiri!

Nikasema hakuna. Nikasema hakuna hata kidogo. Sijui ni nini kilichonisukuma, nikaongeza kwamba hata zamani haikuwepo.

Makofi. Mchungaji hakusema amina. Alikohoa, akaita kura. Mikono ikahesabiwa. Fundi Saa kapata ishirini na mbili. Mimi arobaini na nane! Akina mama wote, kuanzia mwenyekiti, walinyoosha mkono kwa ajili ya mgane anayejihudumia. Ndiyo, sasa nao wanasema mgane. Hilo peke yake ni ushindi wa Kiswahili.

Baada ya ibada mchungaji alinivuta pembeni. Hakufoka, na afadhali angefoka. Akasema juu ya lile la jana wasomi wanabishana, lakini juu ya hili la leo hajui hata mmoja anayebisha. Akasema hataninyang'anya kiti, ila nitaanza kukitumikia kesho. Kwa kuwa mimi ni mtu wa maneno, niandike kikaratasi kwa ajili ya wanaume wa kanisa juu ya jambo lile. Niandike kwa ukweli na huruma, ili asiwepo mwingine wa kuteseka kimya kama nilivyoteseka mimi. Na sharti ni moja: nilitaje kwa jina lake. Nimeahidi. Nimeapa.

Jumanne, 14 Mei

Kikaratasi kimekamilika! Nathubutu kusema ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kuzigusa. Nimeeleza jinsi wachungaji, mapadri na wanazuoni wanavyolitazama jambo hili, bila kupindisha. Nimeandika juu ya upweke. Nimeandika juu ya mgane na kitanda chake. Nimeandika kwamba mtu asibebe peke yake kitu ambacho mwenzake angeweza kumsaidia kubeba. Mwanamke anayepanga kurasa alisoma hadi mwisho, akafuta machozi, akaniuliza ni jambo gani hasa ninalolizungumzia.

Ndipo nikafika kwenye neno. Niliacha nafasi yake wazi kila mahali, sehemu kumi na nne, nilijaze mwishoni. Nikaandika lile la herufi saba. Nikalifuta. Nikaliandika tena. Likinitazama kutoka kwenye kichwa cha habari, na yule mama wa kurasa amesimama nyuma yangu, na jina la kanisa juu yake! Nikafuta. Ahadi ni ahadi, najua. Lakini mchungaji alisema jina, hakusema jina lipi. Kujihudumia haliwezekani tena, limeshaharibiwa na sufuria. Nilihitaji neno safi, ambalo halijawahi kutumika vibaya, ambalo kila mtu atalielewa mara moja.

Nikalipata! Nikashangaa mtu mwingine hajalifikiria.

Kichwa cha habari, kwa herufi nene: NDUGU, ACHA KUJITEGEMEA. Chini yake: Wengi walianza kujitegemea wakiwa vijana na sasa wameshindwa kuacha. Usione haya, mwone mzee wa kanisa. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: Kwa idhini ya Mchungaji.

Nakala mia tano. Mchana huu zimekwenda kanisani, zahanati, chuo cha ufundi, na ofisi ya ushirika wa wakulima, ambako karani alikisoma mara mbili na kuwaita wenzake. Safari hii hakuna atakayeelewa vibaya.